Ukuta Niliopima Nikiwa Kitini

Nilichoshindwa kukiona kilikuwa kiti.

Nilisoma miaka kumi na mmoja ili niweze kuuona ukuta sawasawa. Ninafundisha chuo kikuu namna gundi inavyoshika, namna maji yanavyopenya na namna barafu inavyosukuma. Lakini kiti cha plastiki cha rangi ya buluu, chenye mto juu yake, ambacho kilinitangulia kila mahali nilipofika kupima, sikukiona. Nilikikalia tu.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita, hapa Harbin, kaskazini mwa China. Jengo la Nne lilikuwa limemaliza kuvishwa koti. Hivyo ndivyo tunavyoyaita yale mabamba ya povu yanayobandikwa kwenye kuta za nje na kufunikwa kwa lipu, ili joto la ndani lisitoroke katika miezi sita ya baridi. Niliitwa niseme koti hilo litadumu muda gani. Nikabandika visahani sita vya chuma ukutani, nikavivuta kwa mashine kimoja kimoja mpaka vikang'oka, nikaandika nguvu iliyohitajika.

Visahani vyote sita vilikuwa upande wa kusini, penye jua. Vyote sita vilikuwa usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Jengo lina ghorofa kumi na moja.

Nikatia saini: miaka ishirini na mitano. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyeiamini saini yangu kama nilivyoiamini mwenyewe, nikanunua fleti katika jengo hilohilo.

Wasomaji waliokuwa nami katika safu hii wiki iliyopita watakumbuka kipande cha koti, kipana kama mlango, kilivyobanduka na kuliponda gari langu. Watakumbuka pia kwamba nilisimama mbele ya majirani nikawaambia ni upepo. Wala sikuishia kwenye upepo. Niliwatajia na kasi yake. Majirani wakatikisa vichwa kwa heshima, nami nikapanda nyumbani kunywa chai, huku nikijua kwamba nyuma ya kipande kile hapakuwa na gundi ya kutosha hata kufungia bahasha.

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, nilitoka nje nikainua macho.

Kati ya ghorofa ya tano na ya saba ukuta ulikuwa umetoka tumbo, kama mtu aliyerudi harusini. Chini ya tumbo hilo, zikiwa zimeegemezwa ukutani kwa mistari, kulikuwa na kabichi mia moja na ishirini. Na katikati ya kabichi, juu ya kigoda cha mbao, alikuwa ameketi Bibi Qu.

Bibi Qu ni wa ghorofa ya kwanza, ana miaka sabini na sita. Kila Oktoba huanika kabichi zake hapo siku tano, mpaka majani yanyong'onyee, ndipo azipange kwa chumvi ndani ya mtungi mkubwa na kuzikandamiza kwa jiwe. Huchachusha za kwake na za nyumba za wanawe wawili. Bakuli moja huniletea mimi kila mwaka.

"Bibi Qu, umeamkaje?"

"Nimeamka kabla yako. Hebu sogea, unazikinga jua."

"Bibi, hapa si salama. Tazama juu."

Akatazama. "Naona madirisha."

"Ukuta umevimba."

"Na miguu yangu imevimba tangu mwaka juzi. Mbona natembea?"

"Kile kipande kilichoangukia gari langu—"

"Si ulisema ni upepo?" Akalowesha kidole kwa mate, akakiinua hewani, akakigeuza huku na huku. "Haya, leo uko wapi?"

Nilikuwa nimefungwa kwa kamba niliyoisokota mwenyewe, tena mbele ya kabichi.

"Basi tuzihamishie upande wa kaskazini," nikasema. "Nitakubebea mimi."

"Kaskazini kuna jua gani? Unataka nizianike au nizikalie matanga?" Kisha akanikazia macho, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyegundua mwizi. "Ahaa! Nimekupata, Mwalimu Tong. Unataka kuegesha gari hapa."

"Bibi, gari lenyewe limepondeka!"

"Ndiyo maana unatafuta pa kulificha."

Nikamwacha pale. Naliandika hili waziwazi kwa sababu ndilo kosa la pili, na la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Nilikwenda kwa Bi Luan, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, ambaye ofisi yake iko kando ya lango. Nilimkuta anapiga chafya na kupanga mafaili. Nikamwomba azungushe utepe wa kuzuia watu pale chini na aombe matengenezo ya dharura.

"Nikizungusha utepe pale, Mwalimu, bei za nyumba zitaanguka kabla ya huo ukuta. Watu watanichuna ngozi."

"Lakini unaona ulivyotoka tumbo."

"Mimi macho yangu si chombo cha kupimia. Nina karatasi." Akavuta faili, akalipekua, akaligeuza upande wangu na kulipigapiga kwa kucha. "Umepimwa mara sita. Mara sita! Utadumu miaka ishirini na mitano. Umetimiza tisa. Kwa hiyo una kumi na sita mbele yake. Mimi mwenyewe sijui kama ninayo."

"Karatasi inaweza kukosea."

"Unamwambia nani? Hii imeandikwa na mtu wa chuo kikuu. Mtu aliyesoma, si mimi wala wewe." Akasita. "Samahani. Wewe umesoma. Lakini huyu amesomea hasa mambo ya kuta."

Nikaitazama ile karatasi. Muhuri mwekundu wa mviringo ulikuwa umegongwa juu ya jina la mtia saini, kama zinavyogongwa mihuri yetu yote, ili jina lisighushiwe. Ulikuwa umegongwa kwa nguvu. Chini ya wino, ukijua pa kutazama, lilikuwepo jina langu.

"Sasa nikwambie," akasema Bi Luan. "Ukimleta mtaalamu huyu hapa, akaandika kwa mkono wake kwamba alikosea, utepe nauzungusha leo hii. Bila hivyo, mimi ni nani nibishane na muhuri?"

Ilikuwa rahisi mno. Mtaalamu alikuwa amesimama mbele yake, amevaa skafu ya kijivu. Alichopaswa kufanya ni kufungua kinywa.

"Nitajaribu kumtafuta," nikasema.

Nikatoka kwenda kutafuta mtu mwingine wa kukiri kwa niaba yangu.

Fundi Miao ndiye aliyesimamia kazi ya koti la jengo letu. Nilidhani nitamkuta amestaafu, amezeeka, pengine anajuta. Nilimkuta mtaa wa tatu, mnene, mwenye furaha, akiwapigia kelele vijana wake waliokuwa wananing'inia kwa kamba wakibomoa ukuta. Alikuwa amebadili biashara. Zamani alibandika makoti. Siku hizi anayabandua, na kazi zimemjaa mpaka masika.

"Mwalimu!" akanikumbatia. "Umenenepa! Mwenye kiti cha buluu!"

"Fundi, ukuta wa Jengo la Nne umevimba. Ulitumia gundi kiasi gani?"

"Pale chini? Pale chini tuliipaka kama siagi, ndugu yangu. Mpaka ulipofikia mkono wako, na kiganja kimoja zaidi, ukinyoosha."

"Na juu?"

"Juu tulidonoa. Kidonge huku, kidonge kule. Misumari ya plastiki ilitakiwa sita kila mita. Tukapiga miwili, yaani bamba likae tu mpaka lipu ikauke."

"Nawe ukaniacha nitie saini!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, si wa kuigiza.

"Mwalimu, mimi siku ile nilikuwa natetemeka kama jani. Kikapu cha kupandia kilikuwa kimeshafungwa kamba, kinakusubiri wewe. Nikawaambia vijana, huyu ni daktari wa kuta, leo tumekwisha. Tukapanga kwamba ukiomba kupanda tukwambie kamba imechoka. Ukikataa, tukwambie kuna mzee mgonjwa ghorofa ya tisa, hataki makelele. Tulikuwa na uongo wa kututosha mpaka jioni." Akafuta kamasi kwa glavu. "Wewe ukakaa. Ukala mbegu za alizeti. Ukasema una kikao saa nane. Hata uongo mmoja hatukuutumia."

Sijawahi kusoma tathmini fupi kuliko hiyo ya kazi yangu yote.

"Utaandika haya?" nikamwuliza. "Kwa mwenyekiti wetu?"

"Niandike nini? Mimi niliweka kiti tu. Saini ni ya nani?"

"Basi niambie, una muda gani ukuta ule?"

Akaacha kucheka. "Umetoka tumbo?"

"Ndiyo."

"Basi maji yameshaingia nyuma. Usiku yanaganda, mchana yanayeyuka, kila siku yanausukuma unene wa ukucha. Ukishafika hapo, Mwalimu, hauhesabu miaka. Asubuhi jua likiupiga, usimweke mtu chini yake." Akanipiga bega. "Ukiamua kuubandua, nipigie. Kwa wateja wa zamani huwa sichelewi."

Usiku huo niliandika barua. Kesho yake saa tatu nilikuwa mbele ya meza ya Bi Luan. Aliisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayetafuna nyama ngumu.

"'Kwa kuzingatia mipaka ya mbinu za sampuli zilizotumika wakati husika, inapendekezwa kwamba matokeo yachukuliwe kwa tahadhari ipasavyo.'" Akaiweka chini. "Hii ni barua au dawa ya usingizi? Ukuta ni mzima au si mzima?"

"Si mzima."

"Na aliyeandika ni nani? Mtaalamu mwenyewe yuko wapi?"

"Lete lile faili. Shikilia karatasi kwenye dirisha, usome jina lililo chini ya muhuri."

Akavaa miwani. Akainamisha karatasi huku na huku penye mwanga. "Tong... Shu... Shuheng." Akanigeukia. "Ni ndugu yako?"

"Ni mimi."

Nje, mtu alikuwa anaburuta toroli la kabichi.

"Miaka minane unaishi hapa," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo iliniuma kuliko makelele. "Miaka minane unakula kabichi ya yule mama. Na jana ulikuja hapa, ukaiona karatasi hii, ukaondoka, ukamwacha pale?"

"Ndiyo."

"Chukua kalamu. Andika upya. Andika kama mtu."

Nikaandika: Nilipima sehemu sita nikiwa nimeketi. Sehemu hizo nilichaguliwa na fundi. Sikupanda juu. Ukuta huu si salama.

Bi Luan akaisoma mara moja tu. Akachukua muhuri wa kamati, akaupumulia, akaugonga chini ya barua, na kwa mazoea ya miaka mingi akalifunika tena jina langu.

"Natafuta utepe," akasema. "Wewe nenda kamwambie mwenyewe. Huyo simwambii mimi."

Jua lilikuwa limeshafika ukutani. Bibi Qu alikuwa juu ya kigoda chake, anageuza kabichi mojamoja kama mtu anayegeuza watoto usingizini.

"Bibi Qu, mimi ndiye niliyeupima ukuta huu ulipojengwa. Nilisema ni mzima. Sikuupima vizuri. Unaweza kuanguka sasa hivi."

Hakuacha kugeuza. "Kwa hiyo hakukuwa na upepo?"

"Hakukuwa."

"Na ile kasi yake uliyoitaja?"

"Niliibuni."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ee jamani! Nami nimewapigia simu wanangu wote wawili, nikawatajia kasi ya upepo! Nikawaambia, Mwalimu kasema!" Kisha kicheko kikamwisha, akajifuta macho kwa aproni. "Sasa utazibeba wewe. Zote. Mbilimbili, kifuani. Ukizishika majani nakuchapa."

"Nitazibeba. Lakini wewe ondoka kwanza."

"Niondoke, niziache na watu? Mwaka jana zilipotea nne. Nitaondoka na ya mwisho."

Nilimsihi. Nilimwambia habari za maji na barafu. Akaniambia kila neno ninalosema lingekuwa kabichi mbili. Bi Luan akaja na utepe, naye akamsihi; akajibiwa kwamba amwachie njia mpagazi. Ikabidi nibebe, na nibebe mbio.

Majirani wakafungua madirisha. Ile barua ilikuwa imebandikwa langoni kwa dakika kumi tu, na tayari jengo zima lilikuwa limeisoma.

"Mwalimu! Zipime na hizo!"

"Tuambie zitadumu miaka mingapi!"

"Mleteeni kiti, jamani, atachoka!"

Safari ya thelathini. Safari ya arobaini. Bibi Qu anahesabu kwa sauti, ananikosoa mgongo, ananikosoa miguu. Safari ya arobaini na mbili, hatua kumi kutoka ukutani, nikajikwaa. Kabichi moja ikaniponyoka, ikapiga saruji na kupasuka katikati.

"Ona!" Bibi Qu akainuka kwenye kigoda. "Ona mikono ya msomi hiyo! Haijui kushika kitu!" Akanijia akiwa amekunja ngumi, hatua ya tatu, ya tano, ya nane, akainama kuokota vipande mbele ya viatu vyangu.

Haukuanguka kwa kishindo kama nilivyofundisha darasani. Kwanza ilisikika sauti kama ya shuka kubwa linalochanwa. Kisha tumbo lote, ghorofa tatu, likaachia kwa pamoja.

Vumbi lilipotulia, punje nyeupe za povu zilikuwa bado zinaelea juu yetu, na mtoto mmoja dirishani akapiga kelele kwamba theluji imekuja mapema. Kabichi thelathini na sita zilikuwa zimefukiwa. Kigoda kilikuwa kimekuwa vijiti.

Bibi Qu alisimama akikitazama.

"Kigoda kile kilikuwa cha mama yangu," akasema.

Kisha akaniwekea mkononi ile kabichi iliyopasuka, akanikunjia vidole juu yake.

"Hii usiitupe."

Kabichi zilizobaki nilizipandisha sebuleni kwangu, kwa sababu dirisha langu ndilo lenye jua. Mtungi nao ukafuata, na jiwe lake. Tangu hapo Bibi Qu anaingia kwangu bila kubisha hodi, na mimi sina uso wa kumwambia abishe.

Ningependa kuishia hapo. Nimeadhirika, nimechekwa, mtu hakufa. Lakini alasiri ile Bi Luan aliniita ofisini. Alikuwa na simu sikioni, anazungumza na karani wa ofisi ya ujenzi ya wilaya, akimsomea namba ya ripoti yangu ili ifutwe.

"Ndiyo, Jengo la Nne," akasema. Akasikiliza. Akaniangalia. "Rudia." Akaiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi.

"Nauliza," akasema karani, "mnataka niifute kwa jengo lipi? Ripoti hii mimi ninayo kwa majengo kumi na moja."

"Nilipima jengo moja," nikasema.

"Hapa ni kumi na moja. Vipimo sita, tarakimu zilezile mpaka za mwisho. Saini ileile. Muhuri uko juu ya jina kila mahali."

Nikampigia Fundi Miao, yule asiyechelewa kwa wateja wa zamani. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ilikuwa imezimwa.

Karani akatusomea orodha. Jina la tatu lilikuwa la chekechea iliyo ng'ambo ya barabara yetu. Ninaiona kutoka jikoni kwangu.

Nilivuka barabara na nyundo ndogo mfukoni. Uani, walimu wawili walikuwa wamewapanga watoto ukutani, upande wa kusini, waote jua kabla ya kwenda nyumbani. Nikawapigia kelele wawatoe pale. Wakanitazama kama mwendawazimu, kisha mmoja akakimbia kumwita mkuu wao.

Mkuu wa chekechea alitoka anatabasamu. Alikuwa mwanafunzi wangu zamani, kabla hajaacha uhandisi.

"Mwalimu Tong! Karibu, karibu. Ukuta? Usiwe na wasiwasi, tuna ripoti yako mwenyewe, tumeitundika ofisini." Akavuta kiti kimoja cha watoto, akakifuta kwa kiganja, akaniwekea. "Keti kwanza, tuletewe chai."

Watoto walikuwa bado ukutani.

Nikaomba watoto watolewe kwanza, kisha nikaomba ngazi. Tangu siku hiyo sipimi kitu nikiwa nimeketi.